Kikombe cha Hulda

Hulda Brask alipobisha, kina mama wa kanisa walikuwa sebuleni kwa dada yake Tekla, wakifuma soksi za mnada. Sindano zikasimama. Hakuna Mswidi wa Minnesota asiyemjua: mwimbaji wa Chicago aliyejipaka masizi menoni na kuwachekesha watu kwa wimbo wa mama bahili, aliyetundika kipande cha sukari kwa uzi ili watoto wakilambe kwa zamu, kahawa ikiwa mkononi. Na mama huyo alikuwa mama yake mzazi.

"Nimekuja kumwona mama. Nasikia hali si nzuri."

"Umechelewa miaka tisa," Tekla akajibu. "Yuko juu, amelala. Kahawa utakunywa, nisije nikasemwa. Halafu treni yako ni saa kumi."

Hulda akaketi. Alijua jambo moja ambalo Chicago haikumsahaulisha: mgeni akitosheka, hukifudikiza kikombe chake mwenyewe juu ya kisosi. Kabla hajakifudikiza, mwenye nyumba humimina, hata kama mgeni ni adui. Na hafukuzwi.

Akanywa. Hakukifudikiza.

"Sukari tunayo, bibi msanii," alisema Bi Ekdahl, mke wa mwenye duka. "Uzi tu ndio umetuishia."

Wakacheka wote. Hulda akasogeza kikombe amiminiwe cha pili.

"Hana haya!"

"Aliiacha melini tulipotoka Uswidi."

"Tazama anavyokunywa, kama farasi wa kuvuta magogo!"

Cha tatu. Cha nne. Sasa alikunywa kwa shida, lakini macho hayakutoka kwenye ngazi. Aliyemimina kwa niaba ya Tekla alikuwa bibi kizee Kristina Nordvall. Hakumtazama Hulda wala hakutabasamu. Ila tangu kikombe cha tatu alimimina nusu, na cha tano akalowesha kitako cha kikombe tu, mgongo wake ukiwakinga wengine wasione. Hulda aliona.

Saa tisa na nusu uvumilivu ukamwisha Tekla. Akainuka, akakinyakua kikombe cha mgeni na kukifudikiza kwa mkono wake mwenyewe. Kahawa ikachafua kitambaa cheupe cha meza.

Hakuna aliyecheka. Bi Ekdahl akaanza kukunja soksi yake.

"Tekla, mwanangu," alisema Kristina, akiweka birika chini. "Hata mwizi wa farasi hafanyiwi hivyo."

Tekla akaiva uso mpaka shingoni. Alitazama kitambaa, hakumtazama dada yake.

"Panda. Dakika kumi. Na ukithubutu kuimba, nitakutoa humu kwa nywele."

Juu, mama yao alikuwa macho, shuka limevutwa mpaka kidevuni.

"Nimekusikia tangu kikombe cha kwanza," alisema. "Nikajiuliza, utavumilia?"

Hulda akapiga magoti. "Mama, ule wimbo. Nisamehe."

"Ule wimbo una uongo."

"Najua, mama."

"Hujui. Vipande vilikuwa viwili. Kimoja chenu, kingine cha wageni, na hicho hakikufungwa uzi. Kwa nini hukukitaja?"

"Nitakitia, mama."

"Kitie sasa, nisikie."

"Tekla ataning'oa nywele."

"Imba polepole," mama alisema, akimshika mkono. "Nywele huota tena."