Hita ya Ami Muhidin

Baridi ya Julai ya Nairobi ilikuwa imeshika, mawingu yameinamia mabati ya Majengo tangu asubuhi, lakini ndani ya gari, Pijo ya Ami Muhidin, bibi harusi alikuwa akitokota. Vioo vilifungwa, maana bibi harusi haonekani njiani. Kulalamika asingeweza, maana bibi harusi hasemi mpaka afunuliwe kwa mumewe na apewe kipa mkono, zawadi ya kumfungua kinywa. Na hita ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho, kwa kuwa Ami Muhidin, ami yake bwana harusi, alikuwa na kifua, na gari lilikuwa lake.

"Gari hii haiguswi," alisema akifunga kifungo cha juu cha koti. "Mambo yake nayajua mimi."

Joto lenyewe Lela, bibi harusi, angelivumilia. Kilichomtia hofu ni wanja. Nyumba aliyokuwa akipelekwa, kule Eastleigh, ilikuwa na Waridi, mke wa kaka yake bwana harusi. Siku ya harusi yake, Waridi alifunuliwa wanja umechuruzika mpaka kidevuni, na wanawake wakakata shauri palepale kwamba ameozwa kwa nguvu. Mpaka leo wanamwita Mama Machozi, na kila akikosana na mumewe wanatikisa vichwa. Lela mwenyewe alimtaka Twalib, bwana harusi wake, alimgombania kwa baba yake mwaka mzima. Aanze maisha naye kwa jina kama hilo? Hakubali.

Akambana mkono Bi Mwanasiti, somo aliyemfunda, aliyeketi ubavuni mwake. Bi Mwanasiti akadhani ni woga.

"Vumilia, mwanangu. Sote tulipita huku."

Jasho likafika kwenye nyusi. Kupitia shela, Lela aliona vishikio viwili kwenye dashibodi, kimoja kimekaa kwenye mstari mwekundu. Aliona pia kwa nini hewa haipiti: dada zake Muhidin walikuwa wameshindilia asmini kwenye matundu ya hewa, asmini iliyoletwa na gari moshi kutoka Mombasa, ili gari linukie.

Mkokoteni wa soko la Gikomba ukawakatia njia. Muhidin aliposhughulika na honi, mkono wenye hina ukapenya katikati ya viti vya mbele. Kishikio cha kwanza ukakivuta mpaka kwenye bluu. Cha pili, cha feni, ukakisukuma mpaka mwisho.

Feni ikanguruma, ikakohoa, kisha maua yakatoka yote kwa pamoja. Yakamwagikia kofia ya Muhidin, mapaja ya Bi Mwanasiti na shela, na nyuma yake ikaja hewa ya Julai, baridi kama maji ya mtungi. Lela akafumba macho. Jasho likakauka.

"Nani amegusa?" Muhidin akauliza, akitema ua.

Mmoja hakuruhusiwa kusema. Mwingine alikuwa akicheka mpaka mabega yanatikisika.

Eastleigh Lela aliteremka amejaa asmini, na Muhidin akawaambia wanaume kwamba mtindo huo kaubuni yeye. Ndani, mama mkwe akainua shela. Wanja ulikuwa palepale ulipopakwa.

"Macho makavu," akasema, na vigelegele vikapaa. Mwanamke mmoja akamgeukia Waridi, aliyesimama mlangoni na sinia ya halua. "Umeona, Mama Machozi? Huyu amekuja kwa hiari yake."

Waridi akainamisha uso. Lela akamwonea uchungu, na kipa mkono kilikuwa bado hakijatolewa. Akafungua kinywa.

"Dada, wewe uliletwa na gari la nani?"

"La Ami Muhidin," Waridi akajibu.

"Na hita?"

"Ilikuwa inachoma. Niliwaambia kesho yake, nani angenisikia."

"Basi lilikuwa jasho," Lela akawaambia wote. "Na mimi nusura nifike hivyohivyo."

"Wallahi," akadakia Bi Mwanasiti. "Miguu yangu inawaka mpaka sasa."

Mama mkwe akampokea Waridi sinia, akamketisha kitandani karibu na bibi harusi. Safari hii kigelegele alikianzisha Waridi mwenyewe, na hakuna aliyeweza kumshinda pumzi.