Mkaguzi na Watu wa Jumamosi

Kitendawili hiki ni chako wewe unayesikiliza, usimtazame jirani akusaidie: hana kichwa, anakumbuka, hana mdomo, anajibu, mnyime umeme, anakuwa jiwe. Nani huyo?

Redio? Redio inakumbuka nini? Jokofu? Jokofu limekujibu lini, mjukuu wangu? Basi umeshindwa, nipe mji. Bishkek? Umenipa mji wa moshi na theluji, lakini nimeupokea. Nimekwenda Bishkek, nimekaa mpaka pua yangu ikazoea makaa ya mawe, na jibu nimelikuta kwenye maktaba ya mtaa, Jumamosi moja ya mwezi wa pili, juu ya meza ya Burul, mkutubi.

Jumamosi hiyo Burul alitoka nyumbani na hita ya umeme ndani ya gunia la viazi. Mabomba ya joto ya maktaba yalikuwa vuguvugu tangu Mwaka Mpya, na mkurugenzi alikataza hita binafsi kwa sababu ya bili. Kwa hiyo ilibidi hita isafiri kama viazi. Kwenye kibanda cha mkate alikuta bei ya jana imefutwa kwa kidole na juu yake imeandikwa nyingine.

"Umepanda tena?" aliuliza.

"Umepanda, dada."

"Unapanda kila wiki. Utashuka lini?"

"Muulize ngano," alisema muuzaji. "Mimi nami nauliza, hainijibu."

Alinunua mkate mmoja badala ya miwili, akautia katika gunia lile lile. Mtaani watu walikuwa wanawasha majiko, na wasiomudu makaa walichoma walichonacho, viatu vya zamani, vipande vya matairi. Burul alifunga mdomo kwa skafu, akaenda zake.

Alikuwa bado anafuta buti mlangoni mwa maktaba mkurugenzi alipompigia simu.

"Leo anakuja mkaguzi wa idara, Bwana Kalybek. Ni juu ya Jumamosi yako."

"Jumamosi yangu imefanya nini?"

"Haijafanya kitu, na tatizo ndilo hilo. Wanasema tawi lisiloazimisha vitabu Jumamosi lifungwe siku hiyo, taa na joto vizimwe. Na tawi likipoteza Jumamosi, mkutubi wake anakuwa nusu kazi. Sheria siyo yangu, Burul. Wewe mwonyeshe tu kwamba watu wanakuja."

Nusu kazi ni nusu mshahara. Burul alikuwa na binti anayesomea uuguzi mjini Osh, na hakuwa na mume wala ng'ombe wa kuuza. Hakumwambia mkurugenzi hayo, kwa kuwa naye aliyajua. Alichomeka hita nyuma ya meza yake, akaitupia koti juu kiasi lisiungue, akaanza kupanga viti.

Watu walikuwa wanakuja kweli, ila hawakuazima vitabu. Walianza mwaka uliopita, pale kijana mmoja anayeitwa Emil, mtengeneza programu, alipoomba meza na mahali pa kuchomeka nyaya. Akaja na wenzake, na wenzake wakaleta wenzao. Kila mmoja ana ghala lake ndani ya kompyuta: alichosoma, alichosikia, kurasa alizopiga picha, sauti yake mwenyewe akijisemea njiani. Akili mnemba inapanga, inaunganisha, na ukiuliza inakutolea. Jibu la kitendawili ndilo hilo, kama ulikuwa bado unahangaika.

Na desturi yao ilikuwa hivi. Kila Jumamosi mmoja anaweka ghala lake mezani, wengine wanalihoji. Likijibu vizuri, mwenyewe anakaa anamiminiwa chai kama bwana harusi. Likishindwa, mwenyewe anasimama na kujibu kwa mdomo wake, na hapo ndipo vicheko vinapoanza. Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya Zarylkan, mwanamke wa makamo anayefanya kazi ya kutafsiri karatasi za dawa akiwa kwake peke yake. Ghala lake lilijaa picha za vitunguu.

"Vya nini vitunguu vyote hivi?" aliuliza Daniyar, mwanafunzi wa udaktari.

Mashine ikasema mwenye ghala anapenda kilimo.

Zarylkan akasimama. "Kilimo gani! Nilikuwa nagombana na muuza vitunguu, nikataka ushahidi wa bei zake."

Walicheka mpaka Burul naye akaacha kubandika namba za vitabu.

Leo alasiri Emil alikuja mapema na skrini kubwa kwapani.

"Dada Burul, usiwe na wasiwasi. Tumeunganisha maghala yetu yote. Mkaguzi aulize chochote, historia, sheria, dawa ya kikohozi. Akiuliza mara moja tu atataka kujiunga."

"Mkaguzi hajiungi, Emil. Mkaguzi anakagua."

"Huyu atajiunga. Utaona."

Wenzake wakaingia mmoja mmoja, wakaning'iniza makoti, wakajaza meza. Daniyar alileta boorsok, maandazi madogo aliyokaanga mama yake, bado ya moto ndani ya taulo. Zarylkan alileta majani ya chai, birika likachemshwa. Skrini ikawashwa, ikatoka picha nzuri kama anga yenye nyota, kila nyota kitu ambacho mmoja wao aliwahi kukijua. Burul alisimama akaitazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mabega yake yakalegea.

Ndipo, jua likizama, umeme ukakatika.

Hakuna aliyeshangaa. Majira hayo umeme hukatwa kwa mafungu, mtaa huu leo, ule kesho, na tangazo huja wakati taa zimeshazima. Skrini ikawa nyeusi, intaneti ya maktaba ikaondoka nayo, hita ikalia kidogo ikinywea chini ya koti.

"Utarudi," alisema Emil.

"Utarudi nikiwa daktari," alisema Daniyar, akamega boorsok.

Bwana Kalybek akawakuta hivyo: watu wazima wamezunguka meza gizani, kompyuta zimefungwa, wanakula. Alikuwa mtu mrefu mwenye buti zilizopasuka kisigino, na theluji ilikuwa imeingia mle. Siku nzima alikuwa anazunguka maktaba. Alisalimia vizuri, akauliza afya ya nyumbani kama inavyotakiwa, akakataa kiti.

"Ndiyo wasomaji hawa?"

"Ndiyo, kaka," alisema Burul.

"Sioni kitabu."

"Umeme umekatika."

"Kitabu kinataka umeme?"

Daniyar alicheka, Emil akamkanyaga. Mkaguzi alipita nyuma ya meza ya Burul, akasimama.

"Na waya huu ni wa nini?"

"Wa koti, kaka."

"Koti lako lina waya?"

"Kwa baridi hii kila mtu na koti lake."

Mkaguzi alimtazama, akatazama mabomba chini ya dirisha, akaweka kiganja juu ya bomba na kukitoa haraka kama mtu aliyegusa samaki. Suala la koti akaliacha. Burul alimmiminia chai katika bakuli dogo, kidogo kidogo kama anavyomiminiwa mgeni asiyefukuzwa, maana kule bakuli likijaa pomoni ni kuagwa, na mkaguzi akaipokea kwa mikono miwili. Alikunywa akiwa amesimama.

Emil akaanza kueleza. Alieleza vizuri, na kwa urefu: ghala, viungo, kumbukumbu isiyochoka, mtu kuachia kichwa chake kifanye mambo ya maana. Mkaguzi alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, ndugu yangu. Mwanangu ana hiyo, nami ofisini ninayo. Sasa nina swali moja ambalo lazima niulize. Kila mmoja wenu ana mashine, na ghala lake liko ndani. Linafungukia popote, hata kitandani. Mnafanya nini hapa ambacho hamwezi kukifanya nyumbani?"



Swali lilikuwa jepesi, la kujibiwa na mtoto.  Mkono wa Emil ukaingia mfukoni, ukatoa simu, na kidole gumba kikaanza kuandika. Daniyar alimwona, naye akatoa yake. Mwingine akafuata, na mwingine. Hawakukusudia kumkosea adabu mgeni. Ndivyo walivyozoea kufanya linapokuja swali: unauliza ghala kwanza. Mtandao wa simu ulikuwa bado unapumua, na giza la chumba likajaa nyuso zenye mwanga wa buluu zilizoinamia viganja, zikitafuta ndani ya simu kwa nini zimekuja.

Burul aliwatazama, moyo wake ukashuka taratibu kama ndoo kisimani. Alitaka kuwapigia kelele: semeni! Semeni chochote, semeni chai! Lakini mkaguzi alikuwa amesimama pale pale, naye mkutubi hapigi kelele maktabani.

Zarylkan peke yake hakutoa simu. Alikuwa anatazama bakuli lake.

"Nimepata," alisema Emil, akasoma. "'Mikutano ya ana kwa ana huimarisha ushirikiano, hukuza ubunifu, na hujenga jamii ya watu wanaojifunza pamoja.'"

"Hiyo ninayo," alisema mkaguzi.

"Unayo vipi?"

Alifungua mkoba, akatoa tableti ya idara yenye ufa pembeni, akasoma kwa sauti ile ile isiyo na hasira. "'Ingawa mikutano ya ana kwa ana huimarisha ushirikiano na hukuza ubunifu, wananchi kwa sasa wanaweza kupata maarifa majumbani mwao. Hivyo inapendekezwa tawi lisifunguliwe Jumamosi kuanzia mwezi ujao.' Mnaona? Maneno yenu nimeyaweka. Hayajaachwa."

"Hayo umeyaandika saa ngapi?" aliuliza Burul.

Mkaguzi akaangalia tarehe juu ya tableti. "Yaliandikwa Alhamisi, dada. Yote yanaandikwa pamoja, matawi yote. Na sahihi imeshapita."

"Kwa hiyo umekuja kufanya nini na theluji hii?"

"Kuuliza. Utaratibu unataka swali liulizwe tawini, mbele ya watumiaji. Kuna mahali pa kuweka alama kwamba limeulizwa."

"Na mahali pa jibu?"

Aligeuza tableti, akaitazama kwa uaminifu kabisa, kama mtu anayetafuta miwani yake. "Mahali pa jibu hapana."

Aliweka alama yake. Aliweka bakuli mezani, akamshukuru Burul kwa chai, akavuta glavu. Emil alikuwa bado ameshika simu iliyowaka, hajui aiweke wapi. Burul alianza kukusanya mabakuli, maana mikono ilitaka kazi, na kichwani mwake binti wa Osh alikuwa ameshaanza kuuliza maswali ambayo yeye hana majibu yake. Hakulia. Alipanga bakuli ndani ya bakuli, moja, na jingine, akahakikisha hayagongani.

"Haya, kwaherini," alisema mkaguzi. "Msinione mbaya."

"Nani kakuona mbaya?" alisema Daniyar. "Hata hatukuoni, giza."

Mkaguzi alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka, akashika kitasa.

Hapo kiti kikasogea. Zarylkan alikuwa amesimama, wima, mikono kandoni, kama anavyosimama aliyeshindwa na ghala lake. Mkaguzi akageuka.

"Umeuliza tunafanya nini hapa," alisema Zarylkan.

"Dada, nimeshaweka alama."

"Najua. Nakujibu tu." Alikohoa kusafisha koo. "Nyumbani huwa nauliza mimi. Kutwa nzima nauliza, nayo inanijibu, haichoki. Tangu Jumamosi iliyopita, kaka, wewe ndiye mtu wa kwanza kuniuliza kitu."