Kunguru Hahesabiwi

Mwaka mpya unapoingia, wanaume wenye akili zao hulala mpaka jua liwatoe kitandani. Mfaume wa Keko, karani wa bohari, yeye huamka alfajiri, akaswali, akajifunga kitambaa usoni, kisha akamwambia mkewe amshike mkono amtoe nje kama kipofu. Na sababu ni nini? Kunguru!

Hebu sikilizeni upuuzi wenyewe. Bosi wake wa zamani, Mzungu mmoja aliyefungasha virago baada ya Uhuru, alimwachia darubini na ugonjwa wa kuhesabu ndege. Kila Januari mosi orodha huanza upya. Mfaume akaongeza na sharti lake mwenyewe, kwamba ndege wa kwanza ndiye anayeubeba mwaka. Ukianza na mdiria, yule mvua samaki mwenye manyoya ya buluu, mwaka wako wa heri. Ukianza na kunguru, umekwisha. Sasa Keko ile, kunguru wanakotembea barabarani wengi kuliko watu, utatokaje nyumbani usimwone hata mmoja? Ndiyo maana ya kitambaa.

"Mwaka jana si ulianza na huyo mdiria wako?" Mwajabu alimwuliza mumewe, akimwongoza vichochoroni huku mafundi seremala wakiwacheka. "Heri gani tuliyoiona? Paa limevuja, mbuzi kaibiwa."

"Mama Zuena, bila mdiria pengine nyumba yote ingeanguka."

Mwajabu akasonya. Miaka mingine alikuwa anacheka, lakini leo hakuwa na kicheko. Baada ya swala ya alasiri walikuwa wanakuja kumposa Zuena, binti yao wa pekee, na Zuena alikuwa amempenda Salumu mpaka chakula hakipiti kooni. Salumu alikuwa yatima, kalelewa Mtoni na mjomba wake, mzee mmoja mkaidi kama punda wa chokaa. Miaka miwili mzee huyo alikuwa amekataa. Mwishowe alikubali kwa kinyongo, na akatoa neno lake: akirudi mikono mitupu, mpwawe ataoa binti wa rafiki yake, na habari ya Zuena asiisikie tena. Tena kwa mzee wa namna ile, baba akikosekana nyumbani siku ya posa, huko ndiko kukataa kwenyewe. Na Mfaume hakuwa na ndugu wa kumshikia nafasi.

"Adhuhuri nipo nyumbani," Mfaume aliapa. "Mdiria mmoja tu, wallahi."

Mwajabu akamwacha ukingoni mwa mikoko, karibu na daraja la Mtoni, kakaa juu ya gogo na darubini shingoni. Kitambaa kilikuwa bado usoni, maana kunguru walikuwa wanapiga kelele juu yake, naye alikuwa anangoja waondoke.

"Mtu mzima ovyo," Mwajabu alisema, kwa sauti ya kusikika.

Adhuhuri ikafika, ikapita. Mwajabu akakaanga, akafagia, akatandika mkeka mpya, na kila alipochungulia mlangoni hakuona mume wala kivuli chake. Zuena alikaa kwenye kona ya chumba amejitanda kanga. Alasiri ikaadhiniwa.

"Hodi wenyewe!"

Walikuwa wanne, kanzu zimepigwa pasi mpaka zinakata. Mbele yao alikuwa Mzee Mwinshehe, yule mjomba mwenyewe, kwani hakumwamini mshenga yeyote. Kule Mtoni alikuwa balozi wa nyumba kumi, na beji ya chama aliivaa hata kwenye koti la posa, watu wasije wakasahau.

"Baba mwenye nyumba yuko wapi?" aliuliza kabla hata hajakaa.

"Shikamoo, mzee. Katoka kidogo, anakuja sasa hivi. Karibuni kahawa."

Mwajabu akawatengea kahawa na kashata, akarudi nyuma ya pazia kumlaani mumewe kimoyomoyo. Huko barazani kimya kikawa kirefu, na Mzee Mwinshehe hakuwa mtu wa kukivumilia kimya ambacho angeweza kukijaza kwa sifa zake.

"Hata mie nilikuwa nichelewe," akawaambia wenziwe. "Kazi za taifa hizi! Leo nimekamata jasusi wa Mreno, wa huko Msumbiji."

"Lahaula!" wakaitikia.

"Pale darajani. Darubini shingoni, kitambaa usoni! Nikamwuliza, unaangalia nini? Ananiambia, bado sijaangalia kitu. Nikamwamuru avue kitambaa. Kagoma! Eti mpaka kunguru waondoke." Akanyanyua kidole. "Hayo ni mafumbo yao, jamani. Kunguru ni askari wetu."

Nyuma ya pazia, Zuena akaushika mkono wa mama yake.

"Jina lake nani, mzee?" Mwajabu akauliza.

"Jina la nini? Jasusi ana majina saba. Nimemfungia ofisini kwetu, ufunguo ninao mfukoni, kesho wakubwa watamjua."

Mwajabu alitaka kucheka, akataka kulia, mwishowe akapandwa na hasira tu. Mwanamume mmoja kajifunga macho kwa kuogopa kunguru. Mwenzake macho anayo, lakini akili kaiacha kwenye beji. Na mwanawe ndiye wa kulipia ujinga wa wote wawili!

Mzee Mwinshehe akasukuma kikombe, akasimama, akajikung'uta kanzu. "Kahawa tumekunywa. Baba hayupo. Sie watu wazima, jibu tumelipata."

Zuena akaangua kilio. Mwajabu akafunua pazia, akatoka.

"Baba yake hajakataa, mzee wangu. Umemfungia wewe. Na ufunguo unao mfukoni."

Mmoja wa wenziwe akapaliwa na kashata. Mwingine akaanza kucheka, akaona uso wa mzee, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

Zuena akabaki nyumbani, wengine wote wakaenda Mtoni kwa miguu, mzee mbele. Ofisini walimkuta Mfaume kakaa chini katikati ya majembe ya shamba la ushirika, kitambaa usoni bado. Kunguru walikuwa wanakwaruza bati juu yake.

"Baba Zuena, ni sie," Mwajabu alisema. "Huyu aliyekufungia ndiye mjomba wa Salumu."

Mzee Mwinshehe aliwatazama mgambo wake wawili waliosimama mlangoni. Kusema nimekosea mbele yao? Afadhali angemeza ile beji.

"Mtu nitamwachia, kwa kuwa katambuliwa," alitamka. "Darubini inabaki, ni kidhibiti. Hatuwezi kuwa tumekamata hewa."

Mfaume akaikumbatia. "Chukua saa yangu, mzee. Chukua hata viatu."

"Darubini. La sivyo lala humu, na mie posa siiahirishi mpaka kesho."

Mwajabu alikuwa na maneno yake tayari, makali, ya miaka yote. Alijua vizuri mumewe angechagua nini. Mke gani asiyejua, baada ya kuwekwa nyuma ya mdiria tangu Uhuru?

Mfaume akageuza uso wake uliofungwa. "Zuena kala leo?"

"Hajala tangu jana."

Akakivua kitambaa. Akafuta vioo vya darubini kwa makini, kimoja kimoja, akaizungushia kitambaa kilekile, akaiweka mezani.

"Haya, mzee," alisema. "Ulikuja kuposa. Posa."

Ikaposwa pale pale, kati ya majembe, mgambo wakiwa mashahidi. Mzee Mwinshehe alitoa maneno yake haraka haraka, macho ukutani, na Mfaume akajibu amekubali.

Jua lilikuwa linashuka waliporudi Keko, mke na mume peke yao. Kwenye mwarobaini wa kwanza kitu cheusi kikapiga bawa. Mikono ya Mfaume ikapanda yenyewe mpaka machoni, haikushika kitu, ikashuka.

"Kunguru," akasema taratibu. "Ndiye wa kwanza wangu."

Mwajabu alikuwa amemwekea kejeli ya saa hii tangu asubuhi. Akaitafuta, asiione.

"Kunguru hahesabiwi, Baba Zuena," alimwambia. "Hebu fumba macho."

Mfaume akafumba. Mwajabu akamshika mkono, akamwongoza polepole mpaka nyumbani. Mafundi wa Keko wakawacheka tena, na safari hii Mwajabu akawasonya wao.