Msomaji Hana Maoni

Mume wa fundi cherehani alifundisha imla miaka thelathini na miwili bila kuruka neno, ndiyo maana wanafunzi walimbandika jina la Nukta. Mkewe alipoanza kupanda farasi akiwa na miaka hamsini na miwili, akakuta hatua za mashindano hazimkai kichwani, hakutafuta mbali. Kanuni zinamruhusu mpandaji kuwa na msomaji wa kumtajia hatua.

Uwanjani kila mtu ana kazi yake. Jaji anatoa alama, karani anaziandika, msimamizi anakagua kofia na kuwanyamazisha wabishi. Msomaji anasimama pembeni anasoma kilichoandikwa, basi. Akichomeka neno lake, mpandaji anatolewa.

Mwaka jana Nukta alichomeka. "Taratibu, mke wangu," alisema, kwa mapenzi kabisa, na kengele ikalia. Mkewe hakumsemesha siku nne. Siku ya tano alimwambia, "Mwalimu, mimi nataka kumaliza tu. Hata niwe wa mwisho. Nimalize mara moja kabla magoti hayajanigomea."

Kwa hiyo safari hii Nukta alikuja amejipanga. Msimamizi alipomkumbusha kanuni, aliitikia kwa kichwa tu, asije akaizoesha midomo.

"Ingia katikati. Simama. Salimia jaji."

Mkewe akaingia, akasimama, akasalimia. Farasi, mzee asiye na haraka na mtu, alikubali kila kitu. Mpaka hatua ya sita mambo yalikwenda vizuri. Hapo wakageukia upande wa Nukta, naye akaona mkanda wa tandiko, ule unaopita chini ya tumbo la farasi, umelegea unaning'inia. Tandiko limeanza kulalia kushoto. Hatua ya saba ilikuwa mbio.

Akisema "mkanda", mkewe katolewa. Akinyamaza, ataanguka. Akaitazama karatasi, akaruka mistari tisa mpaka ule wa mwisho.

"Simama," akasoma kwa sauti ileile ya imla. "Salimia jaji."

Mkewe akasimama, akasalimia. Kengele ikalia. Jaji akamweleza kwa upole kwamba amekosea mfuatano, anakatwa alama mbili, arudi aanzie hatua ya saba. Wakati anaelezwa, mkewe alihisi tandiko linacheza, akainama, akakaza mkanda matundu mawili bila kushuka. Kushuka nako ni kutolewa.

"Yule si mwalimu wa imla?" mtu alicheka nyuma ya Nukta. "Leo karuka nusu ukurasa!"

Nukta aliona aibu mpaka masikioni. Akasoma hatua ya saba.

Mkewe alimaliza, wa kumi na moja kati ya kumi na mmoja, akitabasamu kama bibi harusi.

Bandani alimkabidhi mumewe kofia. "Mwalimu, umeruka mistari."

"Macho, mke wangu. Uzee huu."

"Macho yako hayana shida. Mkanda uliuona saa ngapi?"

Nukta akageuka. Msimamizi alikuwa hatua tatu nyuma yao, anakagua kofia ya mtu mwingine.

"Mkanda gani?" Nukta akamuuliza mkewe.

Mkewe akamshika mkono, mbele za watu, na hakuuachia mpaka getini.