Ngao Nyepesi

Michoro yote ya dada yake iliharibika, na hakupatikana fundi wa kuirudisha. Mdarizi aliambiwa hivyo na fundi wa tatu aliyemwita aitazame kompyuta, na huyu wa tatu hakuzunguka maneno kama wawili waliomtangulia. Alisema faili zimefungwa na kirusi, ufunguo wanao wezi, na wezi wenyewe hajulikani hata mmoja anakaa nchi gani. Akarudisha bisibisi mfukoni bila kuitumia, akasema pole, akaenda zake.

Kwa mtu asiyeijua kazi ile, faili ni faili tu. Lakini karakana yote ilikuwa imesimama juu ya faili hizo. Ni chumba kimoja kirefu: mashine ya kudarizi yenye sindano kumi na mbili, meza ya kukatia vitambaa, rafu ya nyuzi, na kompyuta kongwe yenye rangi ya meno ya mvuta sigara. Kazi ni nembo. Mtoto anavaa sweta ya shule, kifuani pana simba, wala hajiulizi simba huyo katoka wapi. Katoka kwenye kompyuta ile. Na mashine haidarizi kwa kuonyeshwa picha tu. Lazima mtu akae, aiambie sindano ishuke wapi, ielekee wapi, uzi ukatwe wapi, mshono kwa mshono, mpaka macho yatoke machozi. Aliyekuwa akikaa hivyo ni dada yake. Mdarizi aliendesha mashine, dada akachora. Simba wa dada alikuwa na shingo yenye manyoya yaliyolala upande mmoja kama yanapigwa na upepo. Wengine walijaribu kumwiga, wakaishia kutoa mbwa.

Dada alifariki, akaacha michoro na mume. Mdarizi akavitunza vyote viwili.

Mume huyo, shemeji yake, alikuwa fundi wa kompyuta wa kutembea, begi mgongoni, maneno mdomoni. Nyumbani kwa mdarizi aliingia bila hodi. Alikula walichokula watoto, na kiti chake hakikukaliwa na mtu mwingine. Mke wa mdarizi alimwita Bwana Mteremko, kwa sababu kila jambo kwake lilikuwa mteremko.

"Hilo dogo, shemeji," angesema. "Hilo niachie mimi."

Ikatokea siku moja flashi ya mteja ikaingiza uchafu kwenye kompyuta. Haikuharibu kitu, lakini mdarizi alitokwa na jasho. Wateja wa nembo huja na flashi zilizozurura kila mahali, na hakuna njia ya kuzikataa, maana nembo zimo humo. Akamwita shemeji.

"Nataka mlinzi wa hii kompyuta," alisema. "Lakini sitaki mlinzi atakayekalia kiti changu. Ikianza kukokota nitashindwa kazi."

"Kompyuta yako mzee, shemeji. Ukimbebesha gunia anapiga magoti. Tutajaribu kinga moja moja, tuone iliyo nyepesi."

"Kwa nini tusiweke mbili kwa pamoja, zisaidiane?"

"Thubutu! Mbili hazisaidiani, zinachunguzana zenyewe kwa zenyewe kama wake wenza. Mwisho wake nyumba haipikwi."

Mdarizi alicheka. Alikuwa na kipimo chake mwenyewe cha wepesi, wala hakukisoma popote. Kila asubuhi aliwasha kompyuta, kisha akageukia mashine kuvisha sindano nyuzi za siku hiyo. Vidole vyake vilikuwa na mwendo uleule mwaka nenda mwaka rudi. Kompyuta yake, kabla haijawekewa kinga yoyote, ilikuwa tayari anapomaliza sindano ya sita.

Kinga ya kwanza ilikuwa kubwa yenye sifa nyingi. Ililinda kompyuta, simu, watoto, benki, na pengine hata mlango wa choo. Mdarizi akavisha sindano zote kumi na mbili, akanywa chai, akarudi akakuta kiduara bado kinazunguka.

"Hii itoe," alisema. "Hii ni mlinzi mwenye kitambi."

Ya pili ilikuwa ya bure. Ilikwenda vizuri, sindano nane, lakini kila baada ya muda kidogo ilifungua kidirisha katikati ya kioo ikitaka inunuliwe. Ilikuwa kama mgeni anayeomba nauli ya kurudi kabla hajaketi. Nayo ikatoka.

Ya tatu ilikuwa ndogo, ya kulipia mwaka mzima, leseni moja kwa kompyuta moja. Sindano saba. Mdarizi alirudia asubuhi iliyofuata na nyingine tena. Saba.

"Sindano moja ya ziada," shemeji alisema. "Usalama hauji bure, lakini huu umekuja kwa bei ya kutupa."

Mdarizi akalipia. Shemeji akaandika jina la mwenye leseni, lile lile lililoandikwa juu ya mlango wa karakana: Mkono wa Dada. Akapanga ukaguzi mkubwa ufanyike mchana, mashine inapopumzika. Pembeni mwa kioo pakakaa ngao ndogo ya kijani. Flashi yoyote ikichomekwa, mstari wa buluu ulipita kutoka kushoto kwenda kulia, kisha likatokea neno moja: Safi. Ilikuwepo pia diski ya akiba yenye nakala za michoro. Shemeji alisema ibaki imechomekwa hapo hapo, itajinakili yenyewe.

"Hata ukisahau, yenyewe haisahau."

Mambo yakaenda hivyo kwa miezi. Kisha siku moja shemeji akapita kuifanyia kompyuta usafi, kama alivyosema. Kesho yake mdarizi aliwasha, akageukia sindano, na alipovuta uzi wa sita akasikia mlio wa kompyuta kuwa tayari. Akageuka asiamini. Sita! Mlinzi yumo ndani, na kompyuta inakwenda kama haina mlinzi.

Alimsifu shemeji kwa mkewe. Alimsifu kwa wateja. Jumapili ile, mbele ya ndugu waliokuja kula, alimshika bega akasema, "Huyu kairudisha kompyuta yangu ujanani. Kama angekuwa daktari, ningempelekea na magoti yangu."

Watu wakacheka. Shemeji akacheka pia, akainama kwenye sahani yake.

Mkewe tu ndiye hakucheka sana. Usiku wa sifa hizo, wakikusanya vyombo, aliuliza, "Na ule mstari wa buluu mbona siku hizi siuoni ukichomeka flashi?"

"Nilimuuliza. Anasema ni toleo jipya, linakagua kimya kimya."

"Haya. Mlinzi asiyekohoa, mtu humwendea akahakikisha yupo."

"Mke wangu, wewe hata mkate ukikaa kimya unautilia shaka."

Muhula wa shule ukakaribia. Karani wa shule kubwa kuliko zote alizokuwa akizihudumia alileta sweta mia tatu na flashi. Simba ni yule yule wa dada, alisema, ila chini yake waongeze maneno mapya ya shule, yamo kwenye flashi. Mdarizi alichomeka. Ngao ilikuwa kijani. Alinakili maneno, akabofya simba afunguke, akaenda kuchukua uzi wa dhahabu rafuni. Aliporudi, simba hakufunguka. Akajaribu nembo ya kwaya. Akajaribu ya kampuni ya walinzi. Kila faili ilikuwa na mkia wa herufi asizozijua, na katikati ya kioo palikuwa na maandishi mekundu yakidai malipo. Diski ya akiba, iliyokuwa imechomekwa muda wote, nayo ilikuwa hivyo hivyo. Haikusahau kitu, hata kirusi ilikinakili.

Shemeji alikuja mbio. Alitazama, akakaa chini kabisa sakafuni.

"Kirusi hiki kipya," alisema. "Kinaanza na mlinzi, kinammaliza, ndipo kinaingia ndani. Hakuna kinga ambayo ingekiweza, shemeji. Hakuna duniani."

Alilia. Mdarizi ndiye aliyempa maji. Ndiye aliyemwambia usijilaumu, umepoteza na wewe, ni mkono wa mkeo huu. Baadaye, kumbukumbu ya glasi ile ya maji ndiyo iliyomuuma kuliko yote.

Mafundi wawili wakaja wakaondoka, kisha akaja yule wa tatu. Kabla hajaondoka aliigusa ngao ya kijani, ikafunguka ikajaa kioo kizima. Ngao tupu, haina kitufe wala neno.

"Hii ni picha," fundi alisema.

"Kirusi kilimaliza kinga, kikaacha ganda," mdarizi alieleza, kama alivyoelezwa.

Fundi alimtazama, kisha akaifunga ile picha.

Sweta mia tatu zilikuwa zimelala mezani. Mdarizi akameza aibu, akachukua flashi ya shule na sweta moja ya zamani yenye simba, akavuka barabara kwenda kwa Bwana Kofia. Huyo alikuwa mdarizi mwenzake, mwenye mashine mbili, aliyeanza kwa kudarizi kofia na jina likamganda. Hawakuwa maadui. Walikuwa watu wawili wanaovuna shamba moja.

"Naomba unichoree simba huyu," alisema. "Najua hatakuwa yule. Ilimradi asiwe mbwa."

"Karibu, kaka. Wangu huwa anatoka paka, lakini tutajitahidi." Bwana Kofia alimvutia kiti. "Maneno ya shule umekuja nayo?"

Mdarizi akampa flashi. Bwana Kofia akaichomeka.

Mstari wa buluu ukapita kutoka kushoto kwenda kulia. Ukasimama katikati. Kikafunguka kidirisha chekundu: kirusi kimepatikana, kimeondolewa, kompyuta iko salama. Na chini yake, kwa herufi ndogo: Imesajiliwa kwa Mkono wa Dada.

Mdarizi alisoma. Akasogea karibu, akasoma tena kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Kinga hii umeitoa wapi?"

"Kwa shemeji yako. Nilimwomba nyepesi kama yako, maana ulikuwa ukiisifu. Ni kweli nyepesi." Bwana Kofia alikuwa bado anatabasamu. "Kwani vipi?"

"Na hayo maneno hapo chini?"

"Hayo? Mimi nilidhani ndilo jina la kampuni iliyoitengeneza." Tabasamu likaanza kumtoka. "Kaka, nilimlipa. Nilimlipa bei yote. Haki ya Mungu sikujua."

"Najua hukujua."

"Alikuwekea lini?" mdarizi akaongeza.

Bwana Kofia alitaja siku. Mdarizi hakuhitaji kalenda. Ilikuwa siku ya usafi, na kesho yake ndiyo asubuhi ya sindano ya sita. Sita ilikuwa hesabu ya zamani, ya kabla ya mlinzi yeyote. Vidole vyake viliijua, vikamwambia, naye akafurahi. Kompyuta haikurudi ujanani, ila ilikuwa uchi.

Shemeji alikuwa tayari kwenye kiti chake mdarizi aliporudi nyumbani. Mke wa mdarizi alisimama mlangoni mwa jiko na kitambaa mkononi, akamtazama mumewe usoni.

"Nimetoka kwa Bwana Kofia," mdarizi alisema. "Nimemkuta mlinzi wangu. Hajafa. Yuko kazini, na kirusi kile kile kakikamata mbele ya macho yangu."

Shemeji aliweka kijiko chini.

"Shemeji, nisikilize."

"Nakusikiliza. Miaka yote nakusikiliza."

"Bwana Kofia alikuwa ananipa kazi ya kompyuta zake zote. Akataka kinga siku ile ile, nami sikuwa nayo. Leseni ni kompyuta moja. Nikasema naihamisha tu, mwisho wa mwezi nakununulia nyingine. Naapa nilikusudia."

"Na picha ya ngao?"

"Usingeiona ngao ungeuliza."

"Halafu?"

"Halafu ukaanza kunisifu. Mbele ya watu wote, umenishika bega. Ningesema nini pale? Kila wiki nilisema nitaiweka kimya kimya, utakuwa hujui. Wiki zikapita. Mteremko, shemeji. Niliona ni jambo dogo."

"Kwa hiyo kosa ni sifa zangu."

"Sikusema hivyo."

"Ungeniibia pesa ningekutukana, kesho tukala pamoja. Lakini umeacha mlango wazi, na wewe ulijua nini kimo ndani. Ulikaa na dada yangu usiku akichora. Wewe ndiye uliyekuwa ukimletea miwani."

Shemeji alisimama, akatafuta begi lake, akasahau kuwa limo mgongoni.

"Nitaondoka?" aliuliza, kama bado kuna mtu angemkatalia.

Mke wa mdarizi alisogea kando ya mlango, akampa nafasi ya kupita.

Simba wa Bwana Kofia alitoka paka, kama alivyoahidi. Karani alipima sweta kwa macho, akasema muhula huu watavumilia, ujao watatafuta kwingine. Mdarizi alinunua leseni nyingine, kinga ile ile, maana kinga haikuwa na kosa. Asubuhi kompyuta inakuwa tayari kwenye sindano ya saba, na mstari wa buluu unapita, unalinda folda tupu.

Mashine yenyewe ilikuwa imebakiza mchoro mmoja kwenye kumbukumbu yake, wa mwisho kudariziwa kabla ya siku ile: jogoo wa timu ya mpira ya wachinja nyama. Ni mkono wa dada, mkia unaonekana hata kwa mbali.

Hesabu ni hii. Michoro mia mbili na kumi na sita imekwenda, umebaki mmoja. Shule moja imekwenda. Diski ya akiba moja. Kiti kimoja mezani, ambacho watoto bado hawakikalii. Na shemeji mmoja, ambaye dada alimwachia.