Nyota ya Shangazi Inazidi Kuwaka

Shangazi yangu ni fundi cherehani mwenye jicho moja na mdomo wa watu watatu. Jicho la kushoto lilikufa kwenye operesheni, akaapa hakuna daktari atakayeligusa la kulia. Giza likiingia hufunga duka, akapanda darini na darubini yake kutazama nyota moja ya manjano, kubwa kuliko jua mara nyingi mno na iliyo mbali hata akili inakataa. Nyota hiyo huvimba na kunywea, na mwanga wake hupanda na kushuka. Shangazi huilinganisha na nyota mbili nyeupe zisizobadilika, jirani zake, kisha huwapigia simu wenzake wanaoitazama kwingineko.

Mwaka huu alianza kusema nyota imewapita jirani zake kwa mwanga.

"Italipuka, mwanangu! Na mimi ndiye nimeijua kwanza."

Wenzake walisema hawaoni mabadiliko yoyote. "Mwenye wivu ajinyonge," akawajibu. Nilifurahi naye. Tangu apoteze lile jicho sikuwa nimemwona akicheka vile.

Juzi muuguzi mmoja alirudisha sare yake nyeupe. Ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa manjano.

"Huu uzi mweupe pe!" Shangazi alifoka, akaniita niamue.

Niliutazama uzi, kisha nikamtazama yeye usoni. Jicho lake lilikuwa limeingia ukungu wa manjano. Manjano kwake ilikuwa nyeupe, na vyeupe vyote vilikuwa vinamfifilia. Nyota haikuongezeka hata kidogo. Jirani zake ndio waliokuwa wanapotea machoni pake.

Jioni ile nilimfuata darini nikamwambia. Nilitegemea matusi, lakini hakubisha.

"Wale jirani, wewe unawaonaje?"

Nikainama kwenye darubini. "Wanang'aa kuipita, Shangazi. Kama zamani."

Alifuta mikono kwenye gauni ingawa haikuwa na kitu.

"Kesho twende kwa daktari," nikasema.

"Heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Ukiliacha litakufa lenyewe."

"Najua. Sijawa mjinga, nimekuwa kipofu tu."

Nililia, naye akanipapasa kichwa kama mtoto mdogo, kisha akarudisha jicho kwenye darubini.

"Usimwambie baba yako. Niache nitazame," akasema. "Inawaka, mwanangu. Hujawahi kuona kitu kinawaka hivi."