Mpira Wenye Kitambulisho

Jumamosi, watu wa mji wa Baraka walipomaliza salongo, kazi ya umma ya kila wiki, na kubeba majembe yao kwenda nyumbani, wasichana wa timu waliingia kwenye uwanja uliotoka kufyekwa wakaanza mazoezi. Kocha Raphaël, mvuvi wa Lweba aliyewahi kuwa golikipa, aliwakimbiza mpaka jua likaingia nyuma ya milima. Kisha kila mmoja akaenda kwao, na mpira ukamfuata mmoja wao, Nyiransengimana.

Ulimfuata kwa kuviringika, nyuma yake kidogo, ukikwepa madimbwi. Bamama waliokuwa wakikusanya ndagala, dagaa wa ziwani, walizoanika waliinua miguu ukapita. Shangazi yake Mukabera, muuza maziwa na siagi, aliufungulia mlango na kuusogeza karibu na moto, maana ulikuwa umelowa.

Kosa, kama tuliite kosa, lilikuwa la msichana mwenyewe. Mpira ule ulikuwa zawadi ya chama tawala kwa wasichana wa zone, yaani wilaya, wa ngozi safi, na muhuri wa bluu ubavuni. Raphaël alimpa Nyiransengimana autunze usikauke. Sasa huyu alikuwa mtoto wa wachungaji wa nyanda za juu, na kitu cha ngozi alijua kukitunza kwa namna moja tu. Aliupaka samli, akausugua kwa majani laini, akauita Gaju kwa rangi yake ya kahawia, akaupigia mluzi wa kuita ndama. Ukaja. Tangu hapo haukukubali kulala kwa mtu mwingine.

Msidhani mambo yalikuwa rahisi. Ndama hapendi kuachwa. Nyiransengimana akipiga shuti, mpira ulifika mlangoni mwa goli, ukasimama, ukageuka, ukarudi miguuni pake. Golikipa wa timu yao, Adolphine wa Swima, alicheka mpaka akakaa chini. Ikabaki njia moja ya kufunga: aingie golini yeye mwenyewe pamoja na mpira wake, akiwa amewapita wote waliosimama mbele, golikipa naye. Mwaka mzima alijifunza kupita watu. Aliangushwa, alikanyagwa, magoti yalichubuka, akainuka tena. Ikafika wakati mabeki wa Uvira wakimwona anakuja, wanaanza kugombana nani aende kumkaba. Walimlalamikia refa kwamba mpira unampenda. Refa alisoma kitabu cha sheria toka mwanzo hadi mwisho, hakuona pale panapokataza.

Sifa hizo zikafika Bukavu. Kulikuwa na kilabu ya wanawake iliyoitwa Umeme, na Umeme iliwalipa wachezaji wake mshahara, jambo ambalo wanaume wa Baraka walikataa katakata kuliamini mpaka walipoonyeshwa pesa. Umeme walimtaka. Na mechi zao zilitangazwa redioni. Hapo ndipo moyo wa Nyiransengimana ulipolipuka kwa furaha, kwa sababu baba yake, mzee Sebatware, alikuwa kule juu na ng'ombe wake na redio ya betri, na alikuwa ameapa: hatakubali kwamba binti anayekimbiza ngozi yuko kazini mpaka asikie watu wakitaja jina lake. Binti alilitamani hilo kuliko mshahara.

Lakini mchezaji wa kulipwa lazima awe na karte, yaani kitambulisho cha uraia. Nyiransengimana alivaa kitambaa chake kizuri, akaenda bureau ya serikali pamoja na Raphaël, mpira nyuma yao. Ofisa alikuwa mtu mpole, abakosti yake, koti la watu wa serikali, imepigwa pasi ikanyooka. Alimwita Raphaël sitwayeni, yaani raia. Hata mfagiaji aliyepita mlangoni aliitwa sitwayeni. Nyiransengimana aliitwa binti. Ofisa alimweleza bila hasira yoyote kwamba imekuja sheria mpya, na watu wanaosema lugha yake inabidi kwanza ijulikane walitoka wapi.

"Kaburi ya nkambo yangu iko kule juu," Nyiransengimana alisema, akimtaja babu yake. "Na ya baba yake iko pembeni."

"Kaburi haiko na karte, binti yangu," ofisa akasema.

Mpira ulikuwa umepanda kwenye kiti cha wageni. Ofisa aliutazama, akauona ule muhuri wa bluu. Chama kilikuwa kimefundisha kwamba kila raia ni mwanachama tangu tumboni mwa mama yake. Ofisa akafikiri kidogo, akaona kwamba basi kilicho cha chama ni raia. Aliuviringisha kwenye wino badala ya kidole gumba, akauandikia karte. Penye alama za pekee akaandika "mshono". Kisha akasimama kuupongeza mpira.

"Félicitations, sitwayeni Gaju."

Nyiransengimana alilia njia nzima. Ilimuuma, tena iliuma zaidi kwa kuwa mpira ulikuwa ukijipitisha kwenye miguu yake kumbembeleza. Walipofika sokoni Raphaël alisimama.

"Suzanne," alisema, maana ndivyo msichana alivyoitwa na watu wa nyumbani kwake, "mpira ndio itasaini. We utaenda kama muchungaji yake. Nani atakataza muchungaji kuingia na ndama yake?"

Hakuna aliyekataza. Umeme walisaini na mpira, na mchungaji akapewa jezi.

Katika mechi yake ya kwanza uwanja wa Bukavu ulijaa. Wapinzani walitoka Goma, nao walikuwa wameshaambiwa habari za mpira huo. Dakika za mwisho, bado hakuna goli, walirudi wote kwenye mstari wa goli lao, wakashikana mikono kama ua wa zizi. Pa kupita hapakuwepo. Nyiransengimana alisimama. Aliinama, akauambia mpira kwa lugha ya nyumbani maneno wanayoambiwa ndama wakiachishwa ziwa: sasa umekua, nenda. Akapiga. Mpira ukaenda mpaka mstarini, ukasimama. Ukageuka ukamtazama, uwanja mzima ukaona. Halafu ukapenya katikati ya miguu ya beki, ukaingia wavuni, ukakaa humohumo. Watu walimbeba Nyiransengimana juu juu, akicheka na kulia.

"Goli!" mtangazaji alipiga kelele. "Goli ya sitwayeni Gaju, wa Baraka!"

Sokoni Baraka, kwenye meza ya Mukabera, bamama walikuwa wamezunguka redio. Kwa miaka mingi chama kilikuwa kimewakusanya kila wiki na kuwafundisha kuitikia kwa sauti moja jina lolote likitajwa. Walikuwa wamefundishwa vizuri.

"Nyiransengimana!" waliitikia, jina la aliyepiga goli.

Aliitikia Adolphine. Aliitikia Raphaël na wavuvi waliokuwa ufukweni. Ofisa aliitikia pia, tena kwa nguvu, kwa sababu aliipenda timu. Jumatatu Mukabera alipomwendea kuuliza habari ya karte, alimjibu kwa upole kwamba bado. Kila mechi Nyiransengimana alifunga, kila goli redio ilimhesabia raia Gaju, na kila mara soko liliitikia.

Sauti hiyo ilipanda mlima bila kupungua. Kule juu, mzee Sebatware alisikia redio ikitaja mpira, kisha akasikia toka chini, toka ziwani, jina la binti yake. Akazima redio ili asikie vizuri.